Kibao cha Usiguse

Jumatatu, 7 Julai
Nimefagia. Nimepangusa vinu, mitungi, fuawe. Vumbi la barabara ya Runzewe halina adabu. Wageni wawili tu. Wamepiga picha mivukuto ya Baba, zile ngozi mbili za mbuzi alizopulizia moto miaka yote ya uhunzi. Juu yake kibao changu: USIGUSE.

Baba haji tena. Zamani kila Alhamisi alikuja kuipaka samli na kuivukuta kidogo. Mwezi wa tatu nilimkataza. Samli ilileta sisimizi, ikachafua mkeka. Nikamwambia, "Baba, hapa sasa ni makumbusho, si kiwandani kwako." Akasema sawa, mayu, sawa mama. Akaenda zake.

Alhamisi, 10 Julai
Siamini! Baba atanifundisha kufua jembe. Mimi, mwanamke! Kwa wahunzi wa kwetu mwanamke hakusogelea mivukuto. Leo kasema mwenyewe: "Sina mwingine, na kifua hiki hakinipi muda. Jumamosi." Nimecheka peke yangu njia nzima. Mkaa upo tayari.

Jumamosi, 12 Julai
Mivukuto imepasuka. Mvuto wa kwanza tu, ngozi zote mbili. Miezi minne bila samli, na kiangazi hiki! Nimezikausha mimi.

Baba alipitisha kidole kwenye ufa. Hakunigombeza. Heri angenitukana. Kasema tuchinje mbuzi wawili, atashona nyingine.

Jumapili, 20 Julai
Hajatoka kitandani tangu Jumatano. Kukohoa tu. Ngozi za mbuzi zimewambwa uani, bado mbichi. Padri kahubiri nini leo, sijui. Najichukia.

Ijumaa, 25 Julai
Tulimzika Baba jana. Watu wanasifu makumbusho, eti nimeuenzi uhunzi wake. Nilitamani wanyamaze. Vyombo vyake vyote ninavyo. Kazi yenyewe kaondoka nayo, na aliniita nijifunze.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemaliza kushona ngozi mpya. Mishono imepinda. Nimezipaka samli. Sisimizi wamekuja, waje tu. Kibao nimekitia motoni.

Nimevukuta. Upepo umetoka vizuri, mkaa ukawaka mpaka ukawa mweupe. Chuma nilikuwa nacho mkononi. Sikujua nikitie lini, wala nikitoe kikiwa na rangi gani. Nimekaa nacho mpaka mkaa ukazima, halafu nikafagia.