Baba Mkwe Kanyamaza Kwenye Runinga

Alhamisi, Uru

Bado najiuliza, plagini, kiprogramu cha nyongeza kidogo vile, inawezaje kuchukua sauti na kutuachia picha?

Tangu programu ya video ijisasishe yenyewe, marehemu baba mkwe anafungua mdomo tu kwenye video ya harusi yetu. Sauti yake ndiyo humtuliza mama mkwe kila jioni.

"Amekasirishwa na nini?" Leo mama kaweka jani la sale mbele ya runinga, kumwomba msamaha kimila. Roho iliniuma.

Nikasoma maandishi ya kwenye kioo cha runinga polepole: plagini ya sauti ni ya zamani, haiendani na programu mpya. Nikasali, nikaiondoa, nikaweka mpya.

Baba akanguruma kwenye runinga. Mama akacheka hadi machozi.

"Punguza sauti, mwanangu. Hata akiwa hai hakujua kuongea taratibu."