Wali Mweupe wa Mama

Warsini rafiki yangu, siamini. Hadi sasa siamini.

Asubuhi hii Mama ameshindwa kuinuka mkekani. Miguu imebaki mifupa. Nesi Endah amenikaripia: "Bibi wa miaka sabini na mbili, mnamlisha nini nyie?"

Nikamjibu kwamba kila asubuhi ninampa yai na tempe, ile soya iliyochachushwa. Mama akainamisha uso.

"Nampelekea jirani, mwanangu. Nimefunga mutih. Leo siku ya thelathini na moja, wali mweupe na maji tu, mpaka ufaulu mtihani wako wa kisomo cha watu wazima."

Mtihani wangu, Warsini! Kwa ajili yangu mimi!

Nesi akamwambia misuli ya mzee haijengwi kwa wali mtupu, akaandika kwenye karatasi: mayai, samaki, tempe. Mama akamcheka. "Ee mjukuu, nadhiri ivunjwe kwa yai?"

Matokeo ni mwezi ujao. Mama hatafika huko.

Nesi alipoondoka, niliishika karatasi yake mbele ya Mama, ambaye hajui kusoma. Nikamsomea, polepole, kwamba nimefaulu.

Amelia kwa furaha, Warsini. Kisha akaomba yai.