Maji Yaliyosimama Kwenye Karatasi

Rumonge, Alhamisi, 1970

Bado nayaona yale makapi yakizunguka.

Leo mwalimu wa fizikia alisema Ulaya kuna mashine za kuhesabu zinazojua joto la maji ndani ya tanuri la atomu, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kutia mkono. Maji hugawanywa vyumba vidogo, kila chumba kikapewa wastani wa joto la majirani zake, tena na tena, mpaka namba zitulie. Akauliza nani atajaribu hesabu hiyo kesho kwenye tablo, ule ubao mbele ya darasa. Niliinamisha kichwa.

Nyumbani Mama alikuwa anachemsha mawese na maji kwenye pipa. Nikachora pipa lake, nikaligawa vyumba. Chini niliandika joto la moto, juu la hewa, nikahesabu. Namba zilitulia kweli.

Halafu nikachungulia pipani. Makapi ya mawese yalipanda katikati, yakasogea ukingoni, yakazama, yakarudi. Kwenye karatasi yangu hakuna kilichotembea.

“Wee Saidi,” Mama akasema, “moto iko inazimika, na wewe unaangalia mafuta kama sinema.”

Nikasukuma kuni. Kumbe joto linasafiri na maji yenyewe, na ile mashine lazima inafuata maji ya kila chumba yanakokwenda, vyumba vyote kwa pamoja. Vyumba vingapi? Hata kufikiri tu...

Naogopa darasa litanicheka. Lakini nisipouliza, maji yangu yatabaki yamesimama. Kesho nitainua mkono, nipeleke kosa langu kwenye tablo.