Leo Wamepanda Hadi Ghorofa ya Sita

Jumapili, katikati ya Mei. Jua la Johannesburg mwezi huu ni la kudanganya: linawaka kweli, lakini ukikaa kivulini meno yanagongana. Nimekaa karibu na dirisha la jikoni na soksi mbili kila mguu, mikono bado inanukia mafuta ya mikate, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Shajara yangu, leo nina mengi. Ila nianze na dhambi.

Mwaka mzima nimewadanganya rafiki zangu kuhusu mahali ninapokaa.

Rafiki zangu ni vijana wenzangu wa ushirika wa Kiswahili kanisani. Wengi ni Wakenya. Wazazi wao wanafanya kazi benki na vyuo vikuu, wanakaa Midrand na kwingineko kwenye nyumba zenye geti na nyasi zilizokatwa vizuri. Mimi ni binti wa fundi wa nguo kutoka Bukavu, Kongo. Tulikuja huku nikiwa na miaka minne, na tangu hapo tuko Joubert Park, katikati ya mji, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijaanza sekondari. Tuna chumba kimoja cha kulala, sebule, na cherehani mbili za mama. Ni nyumba safi, yenye joto, nimelelewa vizuri ndani yake. Lakini mtu akiniuliza, "Riziki, unakaa wapi?" ulimi wangu ulikuwa unakimbilia Killarney, mtaa wa wenye nazo.

Yote yalianza na Wambui. Wambui ndiye kiongozi wetu, ana kigari chake kidogo chekundu, na ana roho nzuri hadi inachosha: baada ya ibada lazima amfikishe kila mtu mlangoni kwake. Siku ya kwanza aliponiuliza anishushe wapi, tulikuwa tunapita Killarney. Nikaona jengo zuri lenye chemchemi na mlinzi getini. Nikasema, "Hapa hapa."

Eish. Hapa hapa!

Nikashuka, Wambui akabaki amesimamisha gari ahakikishe nimeingia. Nikamwendea mlinzi roho mkononi, nikamsalimia kwa Kiswahili huku namwomba Mungu ajibu. Akajibu. Alikuwa Papa Dieudonné, papa kwetu ni kama kusema baba, mtu wa Goma, mzee wa makamo mwenye koti kubwa kuliko yeye. Nikamnong'oneza, "Papa, nifungulie tu, nitakueleza." Akafungua. Nikajificha nyuma ya mapipa ya taka hadi gari lilipoondoka, nikamweleza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Tangu hapo, kila Jumapili, Papa Dieudonné ananipigia saluti mbele ya Wambui, ananifungulia mlango mdogo, nami naingia kwa madaha. Nahesabu hadi hamsini nyuma ya mapipa, halafu natoka kutafuta teksi ya kurudi mjini. Siku moja mvua ilinikuta huko nyuma, akanipa mwavuli wake bila kusema neno.

Sijisifu. Naandika tu jinsi ilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba ushirika wetu hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza nikasema mama amesafiri. Waliponirudia nikasema nyumba inapakwa rangi, na nikashikilia hivyo hivyo miezi minne. Kiprono, ambaye hana breki mdomoni, akaniuliza, "Hiyo rangi ya miezi minne mnapaka kwa kijiti cha meno?" Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Halafu ikaja Jumamosi ya wiki iliyopita.

Tulikuwa na mazungumzo ya video, kwa Kiingereza, na vijana wa kanisa moja rafiki huko Ireland. Mada waliichagua wao: pesa na matabaka. Nilikwenda pale nikidhani nitasikia habari za watu waliokwisha kufika. Ulaya, jamani! Kumbe kijana mmoja, mhandisi, ana kazi nzuri, bado analala kwenye kitanda chake cha utotoni kwa sababu kodi za nyumba kwao hazishikiki. Alisema siku hizi kwao tabaka lako halitokani na kazi yako, linatokana na kama wazazi wako wanaweza kukusaidia kununua nyumba. Mwingine akasema ukiwauliza watu wa kwao, kila mtu atakwambia ni wa tabaka la katikati, mtoto wa daktari wa katikati, mtoto wa dereva wa basi wa katikati, na hakuna anayemwamini mwenzake. Kiprono akafurahi kupita kiasi. Akawaambia, "Kwa hivyo nanyi mnakaa kwa mama? Karibuni Afrika!"

Kisha akazungumza msichana anaitwa Ciara, mwenye nywele nyekundu na mafua. Akasema huko mjini kwao watu hawakuulizi una pesa kiasi gani. Wanakuuliza ulisoma shule gani na unatoka upande gani wa mto, basi wameshakuweka kwenye kabati lako na kufunga. Yeye alipokuwa anatafuta kazi aliandika anwani ya shangazi yake, maana ya mtaa wao ilikuwa inamkosesha hata simu ya kuitwa. Alisema hilo huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Wambui akasema kwa upole, "Sisi huku hatuna hayo. Kwetu mtu ni mtu."

"Wacha, wewe!" akasema Kiprono. "Swali letu la kwanza si 'unakaa wapi'? Ukijibu Sandton unapewa kiti. Ukijibu mjini, wanashika mikoba."

Nilikuwa namwangalia Ciara kwenye skrini, mtu nisiyemjua, amekaa huko kwenye baridi yake na aibu ile ile yangu. Tofauti ni kwamba yeye ameisema. Na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu: "Mwezi huu ni zamu yetu. Njooni Jumapili ya wiki ijayo. Joubert Park, ghorofa ya sita, lifti haifanyi kazi."



Wambui akageuka. "Si mnakaa Killarney?"

"Hapana. Sijawahi kukaa Killarney."

Aliyepiga makofi alikuwa Ciara, peke yake, huko Ireland.

Wiki nzima sikulala vizuri. Sikuogopa wanitukane, hao si watu wa matusi. Niliogopa wanihurumie. Mtu akikudharau unaweza kumkasirikia na maisha yakaendelea. Lakini akikuonea huruma, urafiki umekwisha, maana kuanzia hapo wewe ni kazi yake ya kanisa. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia nyuma ya mapipa mwaka mzima.

Mama yeye hakujua lolote la Killarney. Alichojua ni kwamba wageni wanakuja, na kwa mama wageni ni kama harusi. Alitushonea mimi, mdogo wangu Neema na yeye mwenyewe magauni ya kitenge kimoja. Neema, ambaye anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kizulu, alilalamika kwa lugha zote alizo nazo, kisha akalivaa na kujipiga picha kumi na nane. Mama akapika sombe ya majani ya muhogo, samaki, kuku, wali, na bugali, ugali wetu, ya kutosha kujenga ukuta. Majirani wakatuazima viti. "Bakitoka hapa," mama akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "batembee polepole."

Wakafika saa nane mchana, watu wanane. Niliwasikia tangu ghorofa ya tatu, kwa sababu Kiprono alikuwa anahema na kutangaza kila ngazi. Ghorofa ya nne akakaa chini akasema tumletee chakula hapo hapo. Nikaanza kucheka. Nikajiambia, Riziki, unaona, mambo ni mepesi.

Halafu Wambui akatokea kwenye kona ya ngazi, na mkononi ana mfuko mkubwa wa dukani.

Niliona vyote vilivyomo kabla hajafika mlangoni. Unga wa ngano. Sukari. Mafuta ya kupikia. Majani ya chai. Maziwa, na mkate juu kabisa.

Shajara, damu ilinipanda kichwani. Nikaona yote kwa mara moja: wamejua tunakokaa, wamechangishana, wametuletea chakula cha msaada. Juma moja tu tangu niseme ukweli! Nikamtazama mama, amesimama nyuma yangu na gauni lake jipya. Uso ulikuwa umemkunjamana. Akaniuliza chini chini, "Banafikiri tuko na njaa?"

Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo hata Kiprono aliisikia huko chini, "Wambui, rudisha vitu hivyo kwenye gari. Sisi hatuna njaa."

Wambui akashusha mkono. Mfuko ukaning'inia. Nikaona machozi yanamjia, ya kweli, si ya kuigiza.

"Riziki, ni ya mama," akasema. "Ni shopping tu ya mama. Si huwa tunabeba? Hata kule Sandton kwa daktari tulibeba."

Kiprono akafika akiwa ameshika kiuno. "Kwani kuna nini? Kwetu ukienda kwa mtu mikono mitupu, mama yako anakuuliza kama ulilelewa na fisi."

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwa daktari, baba wa mwenzetu mmoja, mezani jikoni: sukari, unga, mafuta. Kwao Wambui: sukari, unga, mafuta. Kila nyumba niliyokwenda, mifuko ile ile. Na mimi nilikuwa nadhani mama zao wamewatuma dukani!

Kwa mama yangu, mgeni anakuja na tumbo lake tu. Ukimletea mwenye nyumba unga umemwambia hawezi kukulisha. Hivyo nimekwenda kwenye nyumba za watu mwaka mzima, nimekula, nimekunywa, nimeaga, mikono mitupu, nikiwa na viatu vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke, ila kutoka ghorofa ya sita ningeangukia kwa majirani watano.

"Na mimi je?" nikauliza. "Mlinionaje nilivyokuwa nakuja bila kitu?"

Wambui akasema haikuwa neno. Kiprono akasema, "Mama yangu alisema Wakongo hawabebi kitu, lakini wanapendeza."

Mama alicheka! Alicheka hadi akashika ukuta, akakaa kwenye kiti cha jirani, akajifuta macho kwa upindo wa gauni jipya. Alipopata pumzi akanyoosha mikono. "Leta, binti yangu. Leta huo unga." Akamkumbatia Wambui pamoja na mfuko wake, na mkate ukabondeka katikati yao.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kumwomba Wambui msamaha, na sikumung'unya maneno. Nilimwambia kila kitu: saluti, mapipa, kuhesabu hadi hamsini. Nilisubiri anikasirikie. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo mwaka mzima nimekupeleka mbali na kwenu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Petroli yangu, Riziki!" na tukaanza kucheka tukashindwa kuacha.

Mama hakuuweka unga kabatini. Aliukanda pale pale, ukaumuka tulipokuwa tunakula, na baadaye akakaanga mikate ya mviringo, sukari ya Wambui ikinyunyizwa juu. Wakati inaiva alimpima Wambui kiuno bila kuomba ruhusa, kwa sababu sketi aliyovaa ilimuudhi. Tukaimba, majirani wakaja kuona kelele za nini, wakabaki. Kisha tukashuka wote kwenye bustani ya mtaa, wapiga picha wa kulipwa wa pale wakatugombania, na picha tuliyopiga tumemtumia Ciara. Amejibu kwamba anataka gauni kama langu na mikate kumi na miwili.

Nawaza sana jioni hii. Nilijua matajiri wanapanga watu kwa madaraja. Sikujua nami ninapanga. Nilimwona Wambui na mfuko, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshamweka kwenye kabati lake na kufunga: tajiri, mwenye huruma, asiyenielewa. Kumbe alikuwa msichana aliyefunzwa adabu na mama yake, kama mimi nilivyofunzwa na wangu, ila adabu zetu zilikuwa hazijakutana.

Wamekwenda sasa. Wambui alipowasha gari, kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye kitasa cha mlango wa gari. "Wewe uko nyumbani," akaniambia. Nikasimama pale kwenye robot, taa za barabarani, nikiwapungia hadi wakapotea, na sikuwa na haja ya kuhesabu.

Nimepanda ghorofa zote sita nikiimba.

Jikoni bado kuna sukari, majani ya chai na chupa ya mafuta. Mama ameshaanza kuuliza mwezi ujao kwa kina Kiprono tubebe nini, na anataka tubebe zaidi yao, nina hofu itakuwa mashindano. Lakini nimemwomba niondoe vitu vichache kwanza, na nimevifunga kwenye mfuko ule ule wa Wambui.

Ni vya Papa Dieudonné. Amenifungulia geti mwaka mzima, amenipigia saluti, amenipa mwavuli wake akabaki kwenye mvua. Anajua siri yangu yote. Na mimi, mjuzi wa swali lile, niliyeliogopa kuliko maswali yote ya Johannesburg, sijawahi hata mara moja kumwuliza yeye anakaa wapi.

Kesho nikitoka chuo nitapita Killarney kumwuliza. Kisha nitamwomba ruhusa, siku atakayokuwa na nafasi, nipande ngazi za kwake.