Yai la Makala na Moto ya Kijani

Siku ya pili ya juma, 3 Juni

Sasa hivi mutoto wangu Ngalula ametia gunzi ya muhindi ndani ya mbabula, jiko yetu ya makala, akainama, akapuliza kama vile mi napuliza. Jivu yote mu macho. Hakulia. Alicheka, kisha akaanza kukohoa. Ile kikohozi ndiyo inanikata roho.

Moshi. Kila siku moshi. Mbabula iko wazi, upepo ya baridi inakula makala yote, kuku yangu ya kuuzisha inaungua inje na ndani kungali damu. Jana mukiliya mumoja, mununuzi wa kila siku, alirudisha paja. "Mama Ngalula, hii iko inatembea bado." Bote balicheka. Mi pia nilicheka. Kwa nyumba nililia.

Nataka ile mbabula ya mufano wa yai, yenye kuta nene na kifuniko. Niliona picha mu telefone ya Fiston, bwana yangu. Unafunga, moto inabaki ndani, makala kidogo, moshi kidogo. Nilimuambia. Fiston anachimba mawe kwa karière, shimo ya mugodi, anarudi na uso nyekundu ya udongo. Anasema yai ni ya kula.

Siku ya ine, 5 Juni

Nimezunguka town na mutoto mu mugongo.

Duka ya kwanza, magazini ya town: yai kubwa, kijani, nzuri, inapita Ngalula kwa urefu. Kijana wa magazini: "Mama, unanunua ama unaangalia?" Nikajibu: "Naangalia. Macho hailipe." Nilisikia bei. Nikatoka.

Magazini ya pili: umbo ni ileile lakini ni bati ya kupaka rangi. Niligonga. Ililia kama kopo ya sardini. Ile, musimu moja na imetoboka. Hapana.

Ya tatu, kwa mulinzi mumoja wa mutaa wa Dilala. Patron mwenye alikuwa anamulipa alirudi kwao na akamuachia bitu. Yai ndogo, inafika kwa magoti yangu, udongo nzito wa kuchomwa. Niligonga inje: inalia vizuri, kama chungu ya bibi. Niliweka kipande ya karatasi kwa mudomo, nikafunga kifuniko, nikavuta. Karatasi ikakatika. Basi inafunga kweli. Lakini kikombe ya ndani, pale makala inakaa, imepasuka bipande mbili. Ndiyo sababu anaitoa kwa bei ya bantu kama sisi.

Nimeichukua. Pesa ya pagne, kitenge yangu ya Noeli, imekwisha. Sisikitike.

Kijana wa taximoto alikataa kuibeba kwa pikipiki yake, kisha akakubali, kisha njia muzima aliniuliza ni mungu gani nabeba.

Siku ya tatu, 11 Juni

Nimetengeneza kikombe. Nilitoa udongo kwa kichuguu nyuma ya nyumba, ule bafundi ya matofali banapenda, nikachanganya na jivu, nikaziba ufa. Ili bipande bishikane nilizungusha waya nyekundu ya Fiston, ile alitoa mu kebo ya zamani, nikakaza kifundo kwa koleo. Imekauka kwa kivuli. Kisha moto kidogo, kidogo tu. Ukiharakisha, inapasuka tena.

Leo kuku ya kwanza. Tundu ya upepo ya chini wazi kidole moja, ya juu nusu. Unawasha makala kwa pahali pamoja tu, unafunga, unaacha. Kuacha ndiyo kazi nguvu. Mukono wangu ulikuwa unataka kufungua kila mara.

Nikafungua kwa nguvu. Moto iliruka ikakula nyusi yangu moja. Jirani yangu Mama Béa alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa umefanana na yai yenyewe!"

Sasa najua: unainua kifuniko kidogo, unangoja ipumue, kisha unafungua.

Kuku ilikuwa laini mpaka mufupa. Moshi kidogo sana. Ngalula alilala karibu na hakukohoa. Niko na furaha, sijue kuiandika.

Siku ya sita, Posho, 14 Juni

Mara ya kwanza nililaza kuku mu maji ya chumvi tangu jana, ili ipate ladha. Bakiliya bengi. Nilipoinua kifuniko, moto ilikuwa kijani. Si kidogo. Kijani kama majani mapya, na buluu kwa ncha.

Mbuyi alikuwa anakula. Ni rafiki ya Fiston, banachimba shimo moja kule karière. Aliacha kutafuna.

"Mama Ngalula. Udongo wa kuziba hii kitu ulitoa wapi?"

Nikasema kwa kiburi, bote banasikia: "Nyuma ya nyumba yangu."

Bote bakageuza macho kwa moto. Hapa hata mutoto anajua jiwe ya kijani ni nini. Mukuba, ile shaba banachimba kule karière. Mbuyi aliacha kuku yake katikati. Mbuyi hajawahi kuacha nyama.

Siku ya Yenga, 15 Juni

Kanisani sikusikia maubiri. Nilikuwa natengeneza nyumba ya kuuzisha chakula mu kichwa. Sakafu ya simenti. Meza ine na viti. Jina langu kwa ubao. Ngalula na viatu nyeusi, anaenda shule ya masista.

Tulirudi, Fiston akaanza kupima nyuma kwa nyayo. Hii nyumba ni ya baba yake, alipewa zamani na kampani ya mugodi, sasa muzee iko mbali kule Lubudi anapanda mihogo. Nikasema tumupigie simu. Fiston akasema, tutamupigia na habari nzuri.

Nilicheka. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Siku ya kwanza, 16 Juni

Bameanza. Fiston na Mbuyi. Kichuguu imekwisha, kumebaki shimo na turubai juu. Jirani wakiuliza, ni choo.

Bamenikataza kuwasha yai. Bantu basione moto. Basi nakaa bila kazi. Bakiliya banapita, banauliza, nasema niko mugonjwa.

Siku ya tatu, 18 Juni

Simuone tena Fiston, nasikia tu sauti yake ndani ya udongo. Banafunga kamba kwa muti wa avoka. Ndoo inapanda, ndoo inashuka. Udongo nyekundu, nyekundu, nyekundu. Sijaona kijani hata moja.

Niliuliza. Mbuyi: "Mama, mukuba si nyanya. Haikae juu inakungojea."

Siku ya ine, 19 Juni

Bamegeuza shimo. Inaelekea nyumba. Mbuyi anasema alama ya mukuba inapita kule.

Ukuta ya chumba imepasuka. Juu ya mukeka ya Ngalula kabisa. Niliingiza ukucha. Imeingia. Nilimuhamisha mutoto kwa chumba ya mbele, nikarudi, nikaweka sikio chini. Nilisikia chepeo, beleshi ya kuchimba ya bwana yangu, chini ya nyumba yetu. Tok. Tok.

Ndugu ya Mbuyi alifunikwa na udongo kule karière musimu ya mvua. Mbuyi mwenyewe alimutoa kwa mikono. Na leo ndiye anasema tusonge mbele. Sielewe moyo ya banaume.

Nilimuambia Fiston, ukuta imepasuka. Akasema tutajenga ingine, kubwa. Nikasema, na kama ukuta inakuangukia? Akanishika uso na mikono yenye udongo. "Muke yangu, ni we ulileta hii baraka."

Ni mi. Ndiyo. Ni mi nilifungua mudomo.

Siku ya tano, 20 Juni

Chakula ilikwisha. Kulikuwa kuku moja mu chumvi. Nikawasha yai kwa barza, bapende basipende.

Nilifungua polepole. Kijani tena. Lakini leo sikuwa na bakiliya, nikaangalia muzuri. Kijani inatoka upande moja tu. Pale nilikaza kifundo ya waya. Pale maji ya chumvi inadondoka juu ya waya. Kwa ufa, pale niliziba na udongo mingi, moto ni ya kawaida. Manjano. Kama kila moto.

Niliinama karibu, nikaangalia tena.

Nilitoa kuku. Nikatoa makala na koleo, nikakata waya, nikavuta yote. Kikombe ilishika, udongo umeiva. Nikarudisha makala, nikamwaga chumvi. Manjano. Tena chumvi. Manjano.

Nilikimbia kwa Mama Béa. Mbabula yake ni ya bati, haijajua kichuguu yetu. Nikatupa kipande ya waya na chumvi. Kijani. Mama Béa akashika kinywa.

Waya ni mukuba. Kebo yote ni mukuba. Ni waya ilikuwa inaongea, udongo ulinyamaza tangu siku ya kwanza.

Niliita kwa mudomo wa shimo. Fiston akajibu, "Unaogopa tu." Mbuyi, kutoka chini: "Leo Mama Ngalula amekuwa mutu wa jeolojia!" Bakacheka mule ndani. Nilisikia udongo ukidondoka juu ya kicheko yao.

Basi nilibeba mbabula ya Mama Béa na vitambaa, moto ndani, nikaiweka kwa ukingo. "Pandeni muone. Mara moja. Kisha mufanye mapenzi yenu." Fiston alipanda kwanza, Mbuyi nyuma yake. Nikatupa waya, nikatupa chumvi. Kijani. Nikasema, "Hii mbabula ni ya Mama Béa. Udongo wetu uko wapi ndani yake?"

Mbuyi akasema inaweza kuwa bitu bibili, waya na udongo pia. Fiston akachuchumaa kando ya mbabula. Aliangalia waya yake. Kisha akageuka, akaona ukuta kwa upande ya inje. Nafikiri hakuwa ameiona kwa jua. Ufa ilikuwa imefika dirishani.

Mbuyi akashika kamba ashuke tena. Fiston akamushika shati. "Mbuyi, ngoja." "Achia." "Ngoja, ndugu. Mutoto wangu alikuwa analala juu ya hiyo pahali." Bakakaa vile, mumoja na kamba, mumoja na shati.

Mbuyi aliachia kamba.

Siku ya Posho, 21 Juni

Asubuhi nimemukuta Fiston peke yake mbele ya yai. Alikuwa amewasha bila kuniambia. Anamwaga chumvi, anangoja, anamwaga tena. Chumvi yangu yote. Manjano. Aliangalia mpaka makala ikawa jivu. Kisha alilia. Nilikaa karibu, sikumugusa. Mi pia nililia. Meza ine, viti, ubao, yote ilikuwa mule ndani ya jivu.

Kisha akachukua chepeo, akaanza kurudisha udongo mu shimo.

Mbuyi anasema kwa barabara kwamba tumeficha mukuba ili tuchimbe sisi peke yetu. Aseme. Mama Béa amemujibu: "Kama beko nayo, mbona wamekopa chumvi kwangu?"

Siku ya pili, 24 Juni

Shimo imejaa. Fiston ameikanyaga kwa miguu, akaweka matofali chini ya ukuta, akaziba ufa. Alipigia baba yake, akamuambia kila kitu. Muzee akauliza tu kama Ngalula iko muzima.

Iko muzima. Analala kando yangu, mikono juu ya kichwa. Hakohoe.

Nawasha yai tena. Bakiliya beko banarudi moja moja, banauliza kama leo kuna kuku ya kijani. Nawacheka. Kesho nitajaribu samaki.

Leo Fiston hakuenda karière. Wala jana. Iko kule mbele, anainua kifuniko kidogo, anangoja ipumue, kama nilimufundisha. Alama ya udongo nyekundu ingali mu shingo yake. Nataka kumuuliza, lakini naogopa jibu, kama kesho atabaki hapa na sisi ama atarudi kule chini—

Ananiita, anasema kuku imeiva.