Mashavu ya Chiriku

3 Machi 1993

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Sisi tu wazima. Na wewe, kile kikohozi cha mvuke wa huko dobini kimekuachia?

Chiriku wako anaendelea. Miguu imenywea, ukibonyeza hakibaki kishimo. Daktari anasema figo zimeanza kusikia dawa, hivi vidonge vya steroidi. Ila vina mambo yake, mwenzangu! Mtoto anakula mpaka naionea sufuria huruma. Jana kamfokea mteja wangu: “Si umeambiwa gauni ni kesho?” Nilitaka kumkanya, nikakumbuka muuguzi alisema na hasira zinatoka humo humo.

Na uso umejaa, utaona kwenye picha. Si uvimbe ule wa zamani, ni dawa. Utapungua daktari akizipunguza polepole. Kuzikatiza ghafla ni hatari, ametuonya.

Tuombee.

Dada yako

29 Machi 1993

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua, namshukuru Mungu. Nanyi hamjambo hapo nyumbani?

Picha nimeipata. Niliitazama nimesimama kando ya mashine ya kufulia, nikaigeuza nyuma nikidhani mpiga picha kakosea bahasha. Dada, sikumtambua mwanangu. Wenzangu wakauliza, “Huyo ndiye mwembamba wako?” Nikawaambia ni mtoto wa jirani. Mungu anisamehe.

Unasema ni dawa, nami nakuamini. Lakini uso ule ndio niliomwona nao siku ugonjwa ulipoanza. Likizo yangu ni Juni. Nitashuka kwenye basi nimtafute nani? Mwombee arudi kuwa yule niliyemwacha.

Mdogo wako

22 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Salamu. Leo keti kwanza ndipo usome. Chiriku yuko hai, naanza na hilo. Barua hii nampa dereva wa basi ikufikie upesi.

Kuna jambo hukulijua, nami sikuona haja ya kukuambia: mwandiko wako ni mdogo na macho yangu yamechoshwa na sindano, kwa hiyo barua zako ananisomea yeye. Ile ya Machi aliisoma yote, mpaka “mtoto wa jirani”, na sauti haikumtetemeka. Nikamwambia, “Mama anatania tu.” Akajibu, “Ndiyo, Mama Mkubwa,” akaenda kuchukua dawa zake mwenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa mtoto mwelewa. Kumbe!

Juzi nilikuwa natafuta vifungo vyeupe vya shati la mteja. Kimoja nakitia sindano, hakina tundu. Kikanimomonyokea kidoleni. Nikamwaga kopo zima la vifungo mezani: vidonge, mdogo wangu, vimelala katikati ya vifungo! Na mwenyewe alikuwa kitandani tangu asubuhi, anatapika, mwili umelegea kama kitambaa kilicholowa. Mimi nilidhani malaria. Nikambeba mgongoni, nikatoka mbio kwenda hospitali bila hata viatu.

Daktari anasema mwili ukizoea dawa hizi husahau kazi yake yenyewe; ukizikata ghafla, unaanguka. Na figo zimeanza upya, miguu imejaa tena. Sasa wanampa kwa sindano, lakini lazima arudi kumeza, na hataki. Anafumba mdomo. “Nikimeza, mama atanipita kituoni.” Nimeomba, nimebembeleza, nimetishia, nimelia mbele yake. Muuguzi kaniambia, “Huyu anamsubiri mama yake, si wewe.”

Sikulaumu. Mwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mimi sitaifungua.

Dada yako

24 Aprili 1993

Chiriku wangu,

Mama hajambo, ila usingizi umemkimbia. Unaumwa wapi leo?

Mwanangu, niliyoyasema yalikuwa ya mtu mwenye hofu. Nilikukana mbele ya watu. Asubuhi hii nimewaonyesha picha yako mmoja mmoja, mpaka msimamizi, nikasema: huyu ni wangu, nimemzaa mimi.

Sasa nikuambie jambo hata Mama Mkubwa halijui. Tangu mwaka jana sina jino la mbele, mlango wa mashine ulinigonga. Ndiyo maana picha zote nilizokutumia nimefumba mdomo. Niliogopa ungesema, huyu mwenye pengo ni nani?

Juni ni mbali, nimeomba ruhusa. Jumamosi ijayo napanda basi. Humu nimetia picha nyingine, nimecheka na pengo langu lote. Meza dawa kwanza, halafu ndipo unicheke.

Mama yako

27 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Salamu. Natumai dereva atakukuta kabla hujasafiri. Mimi mzima wa kutembea tu, magoti yamechoka kwa kuomba.

Barua nimempa ikiwa imefungwa. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Nikasikia kicheko kidogo, kisha karatasi ikikunjuliwa tena, mpaka nikataka kumfunua. Muuguzi akaja na kidonge kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka pembeni, akaondoka. Nami nikageukia dirishani, nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo, naogopa hata kukohoa.

“Mama Mkubwa.”

“Abee, mwanangu.”

“Sasa nitamezea nini, hata maji hujaniletea?”

Dada yako