Vipimo vya Wairimu

Ijumaa, wiki ya pili ya Julai. Thika imefunikwa na wingu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na nguo nilizofua Jumatano bado ni mbichi kwenye kamba.

Nilikuwa nimesema leo siandiki. Naandika kwa sababu mikono sijui niiweke wapi.

Nianze na kazi, maana yote yametokana na kazi.

Kwa wiki tatu sasa nageuza daftari la mama kuwa masomo ya simu. Mama alifundisha ushonaji miaka mingi kwenye chuo chetu kidogo hapa nyuma ya soko, mpaka presha ya macho ikamtoa darasani. Mimi nikarithi wanafunzi wake, cherehani zake na hata kiti chake kinacholia ukikikalia. Wasichana wetu wengi wanatoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu, na siku mtu akipata kibarua, darasani haji. Madam Mwikali, mkuu wa chuo, akasema basi masomo yawafuate huko waliko. Akaniuliza kama tuna vitabu. Nikamwambia tuna kaunta buku la mama, lile daftari lake nene, ambalo limejaa mpaka kwenye jalada.

Kazi yenyewe si ngumu kama nilivyoogopa. Unapiga picha ya ukurasa, unaipa akili mnemba, inasoma mwandiko, inapanga somo, inatunga mazoezi na maswali, halafu inalisoma lote kwa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kukasirishwa na mtu. Mama humwita "yule msichana". Nikitoka chuoni mchana, kabla sijavua viatu, ananiuliza kama yule msichana ameleta somo jipya. Macho yake sasa yanaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari alishatuambia kilichokwenda hakirudi. Kusoma hawezi tena. Kwa hivyo anasikiliza maneno yake mwenyewe kwenye simu yangu, na anayasahihisha.

Mwanzoni mimi na huyo msichana tuligombana sana. Mama aliandika, "Ukikata vibaya usinililie, kamlilie aliyekununulia kitambaa." Yeye akaigeuza kuwa, "Tafadhali kuwa mwangalifu unapokata." Nikairudisha. Mama aliandika tepu, yeye akaandika utepe wa kupimia. Nikairudisha hiyo pia, maana wasichana wangu wangenicheka mpaka Krismasi. Lakini zile kanuni mbili za ukurasa wa kwanza hakuzigusa, na akawa anazirudia katika kila somo, vile mama alivyokuwa akitukaririsha:

Kitambaa hakikatwi kwa kipimo cha mwaka jana.

Mtu hajipimi mwenyewe.

Ya pili wanafunzi huibishia kila mwaka. Nawaambia wajaribu. Ukijipima unainama kusoma namba, unavuta tumbo, tepu inapanda mgongoni bila wewe kujua, na nguo ikiisha haikutoshi. Lazima mtu mwingine asimame nyuma yako.

Sasa Wairimu.

Sijawahi kuandika jina la dada yangu kwenye ukurasa wangu huu wa mtandaoni, na wanaonisoma huenda wanadhani nilizaliwa peke yangu. Wairimu ndiye kifungua mimba. Hapa mtaani mama haitwi jina lake, anaitwa Mama Wairimu. Anayeuza mboga za sukuma anaita Mama Wairimu, watu wa kanisa wanaita Mama Wairimu, anayeleta maziwa anapiga hodi akiita Mama Wairimu. Jina la dada yangu linatajwa mlangoni petu kutwa nzima, na mwenyewe hajaingia mlango huo kwa miaka saba.

Anaishi Ruiru.

Si Dubai, si Amerika. Ukiacha chai kwenye thamosi, unaweza kwenda Ruiru na kurudi na ukaikuta bado moto. Wakati mwingine natamani angekuwa mbali kweli, tuwe na kisingizio.

Alipotaka kuolewa alichagua mwanaume aliyekuwa ameachana na bibi yake wa kwanza. Mama ameshonea nusu ya maharusi wa mji huu, na Wairimu alikuwa anajua tangu utotoni kwamba nguo yake ndiyo itakuwa nzuri kuliko zote. Mama akamwambia, mbele yangu, "Hiyo siishoni." Maneno mawili tu. Wairimu akaoa, samahani, akaolewa (ona ninavyoandika leo) na gauni la kukodisha. Mama hakwenda. Na mimi sikwenda. Nilijiambia mama hawezi kuachwa peke yake siku kama hiyo. Ukweli ni kwamba niliogopa kununiwa.

Nina jambo lingine la kukiri. Mwaka juzi nilimwona. Nilikuwa Ruiru kununua vifungo, nikaingia duka moja, na huyo hapo, na kasichana kadogo kando yake. Alikuwa anazungusha soksi kwenye ngumi ya mtoto kuona kama itamtosha mguuni, vile mama alivyotufundisha. Ana mtoto. Mtoto ana mashavu ya mama. Nikajificha nyuma ya sabuni za kufulia mpaka wakaondoka. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nyuma ya sabuni. Namba yake ninayo, na kila nikibadilisha simu ndiyo ya kwanza kuhamisha. Sijawahi kuipiga.

Nimemkosa. Nimekosa hata ugomvi wake. Kila Desemba mama alitusimamisha mlangoni kutupima kwa ajili ya nguo za Krismasi, na Wairimu alikuwa akinipuliza shingoni ili nicheke na vipimo viharibike. Mama alikuwa anatupiga na ile tepu, kidogo tu, halafu anaandika namba kwenye kaunta buku. Kifua, kiuno, nyonga. Ndiyo maana mifano ya daftari lake ni watu wa kweli. Wateja niliwabadilisha majina kabla ya kupiga picha, mtu asije akasikia kiuno cha mke wa pasta kikisomwa Kiandutu. Dada yangu nilimwacha na jina lake. Ni wetu.

Leo nimefanya kosa la kivivu. Niliahidi kusikiliza kila somo mwenyewe kabla mama hajalisikia. Somo la nane sikulisikiliza. Lilikuwa tayari, mama alikuwa ananisubiri na shali yake magotini, na mimi nilikuwa na viazi vya kumenya. Nikabonyeza tu.

Yule msichana akaanza vizuri. Gauni la mtu mzima, mapindo, nafasi ya zipu. Kisha akasema, kwa utulivu wake ule:

"Mfano. Wairimu. Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba, nyonga thelathini na nane. Angalia: vipimo hivi ni vya miaka saba iliyopita. Baada ya hapo jina la Wairimu limeandikwa kila Desemba, lakini nafasi za vipimo ziko wazi. Kumbuka kanuni ya kwanza ya mwalimu. Swali: je, utakata kitambaa, au utampima Wairimu upya?"

Kisu kilibaki ndani ya kiazi.

Zile kurasa za mwisho hazikuwa na wateja, kwa hivyo nilizipiga picha mbio mbio, sikuzisoma. Nikaenda kufungua kaunta buku. Ni kweli. Kila Desemba yumo. Wairimu, kifua, nukta nukta. Kiuno, nukta nukta. Mwaka hadi mwaka mwandiko unazidi kupinda, na Desemba iliyopita jina limetoka nje ya mstari kabisa, kwa sababu mwandikaji hakuuona. Lakini ameliandika. Nilikuwa naishi nyumba hii, nikila naye kila siku, na sikujua.

Mashine haikuwa na ubaya wowote. Ilikuta kanuni kwenye ukurasa wa kwanza na jina kwenye ukurasa wa mwisho, ikaviweka pamoja. Sisi tulioishi katikati ya kurasa hizo hatukuthubutu.

Nilirudi nikidhani nitamkuta mama analia, au amekasirika. Alikuwa amenyoosha mkono akiipapasa simu mezani.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena mpaka kwenye swali. Mimi nikasimama hapo kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Mwishowe akasema yule msichana hana makosa, kama ni kanuni basi ni ya watu wote. Akaniambia niandikie Wairimu. Hakuniuliza kama nina namba. Kumbe siku zote alijua ninayo.

"Mwambie nataka vipimo. Usiongeze kitu."

Nilitamani kuongeza. Nilitamani kuandika kuhusu macho, kuhusu zile nukta nukta, kuhusu sabuni. Nikaandika tu, "Mum anataka vipimo vyako." Nikatuma, halafu nikaenda kusimama kwenye kamba za nguo, nikishikashika nguo mbichi kana kwamba zitakauka kwa kushikwa. Nilikuwa naomba asijibu, na nilikuwa naomba ajibu.

Jibu lilikuja viazi vikichemka. Nililisoma peke yangu kwanza, nikadhani ametukatalia. Nikamsomea mama kwa sauti, maana hakuna njia nyingine ya mama kusoma:

"Mtu hajipimi mwenyewe. Si yeye alitufundisha?"

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, vile alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi akipata jibu sawa. Halafu akacheka kidogo, na ndani ya kicheko hicho machozi yakashuka, na hakuyafuta. Kwa miaka saba nilikuwa nikijiuliza nani kati yao atainama kwanza. Sikuwahi kuwaza kwamba anayepima ndiye huinama. Anapiga goti ili afikie pindo.

Akaniambia hilo somo la nane nisilipeleke kwa Madam Mwikali bado, kwa sababu halijaisha. Akaniambia pia nimtafutie kalamu ya wino mzito, na mimi ndiye nitakayeandika namba, yeye atazihesabu kwa vidole kwenye tepu na kuzitaja.

Nikamuuliza kama nimwambie Wairimu aje huku.

"Ruiru ni hapo tu," akasema.

Akainuka, akapapasa mpaka kwenye droo ya cherehani, akatoa tepu yake ya zamani iliyofifia namba. Ameikunja mara mbili, ameitia kwenye mkoba wake wa kanisa, na mkoba ameuweka karibu na mlango.

Kesho ni Jumamosi.